Moyo Uliopasuliwa na Karafuu Zisizongoja

Na Katibu wa Jumuiya



Wengi wenu mnaofika ofisini kulipa ada mmekuwa mkiniuliza habari za mzee mwenzetu aliyekwenda kupasuliwa moyo Dar es Salaam. Wengine wamesikia kuwa alitolewa moyo wake akatiwa wa mtu mwingine. Wengine wamesikia kuwa ametiwa mipira kifuani. Na mmoja, mtu mzima ninayemheshimu, aliniambia kwa yakini kabisa kuwa mtu akishapasuliwa kifua hamalizi miaka miwili. Yote hayo si kweli. Mzee mwenyewe amenipa ruhusa niyaandike yaliyompata, kwa sharti nisimtaje jina, nami nimeona ni wajibu wangu kufanya hivyo, maana katika mkasa wake mimi pia nina sehemu yangu, na nitaieleza mbele.

Kwanza tufahamu ni kitu gani kilichopasuliwa. Moyo ni pampu, hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku, ukisukuma damu kila pembe ya mwili. Lakini moyo wenyewe haulishwi na damu ile inayopita ndani yake. Ni kama mwuza maji ambaye ndoo zimejaa mabegani, na yeye akitaka kunywa ni lazima aende kisimani kama watu wengine. Chakula chake moyo huletewa na mishipa miwili midogo inayochipuka kutoka mshipa mkuu wa damu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, nayo hutawanyika juu ya moyo kama matawi ya mkarafuu. Mishipa hii ndiyo inayougua. Kwa miaka mingi mafuta hujikusanya katika kuta zake, njia ikawa nyembamba, na mwisho damu ikawa haipiti ya kutosha. Wanaoharakisha jambo hilo wanajulikana: tumbaku, shinikizo la damu, kisukari, mafuta mengi katika damu, uzito uliozidi, na wakati mwingine nasaba, yaani baba au ndugu aliyepatwa mapema.

Mzee wetu alianza kuona dalili mwaka juzi akipanda kilima cha shamba lake. Kifua kilimbana kama aliyewekewa jiwe, maumivu yakashuka mkono wa kushoto, akisimama kidogo yanaondoka. Akasema ni kiungulia, akanywa maji ya tangawizi, mambo yakaenda hivyo miezi mitano. Naliandika hili kwa sababu najua wako kati yetu wanaokunywa tangawizi hivi sasa. Maumivu yanayokuja ukifanya kazi na kuondoka ukipumzika si ya tumbo mpaka daktari aseme ni ya tumbo. Tena kwa wanawake, na kwa wenye kisukari, huenda maumivu ya kifua yasiwepo kabisa. Huwa ni uchovu usio na sababu, pumzi fupi, kichefuchefu, au kubanwa mgongoni na tayani. Na yakija maumivu yasiyoondoka hata ukipumzika, pamoja na jasho jingi la baridi, basi hapo hapana kungoja asubuhi. Mtu apelekwe hospitali saa ile ile.

Si kila mwenye mishipa iliyoziba hupasuliwa. Wengine hutosheka na dawa. Wengine hupitishiwa mrija mwembamba kutoka kifundo cha mkono au pajani hadi kwenye moyo, njia ikapanuliwa na kuachiwa kijibomba cha wavu kinachoitwa stenti, na baada ya siku chache mtu yuko nyumbani. Upasuaji huchaguliwa khasa pale mishipa mingi imeziba, au ule mkubwa wa kushoto umeziba karibu na shina lake, au mgonjwa ana kisukari pamoja na kuziba kwingi. Kwa hiyo daktari akikwambia upasuaji, una haki ya kumwuliza, "Kwa nini si dawa, na kwa nini si stenti?" Daktari mwema hachukizwi na swali hilo.

Jina la Kiingereza la kazi hii ni baipasi, na maana yake ni njia ya kando. Wakati wa masika, mti ukianguka na kuziba njia ya shamba, sisi hatuuondoi mti siku ile. Tunafyeka kinjia pembeni, tukapita. Ndivyo wafanyavyo madaktari. Huchukua mshipa wa damu kutoka mguuni, au ule unaopita ndani ya ukuta wa kifua, au mmoja wa mkononi, wakaushona upite kando ya pale palipoziba. Mguu haudhuriki sana kwa kunyang'anywa mshipa huo, kwa kuwa iko mingine inayofanya kazi hiyo. Mshipa wa kifuani ndio udumuo zaidi, na aghalabu baada ya miaka 10 bado uko wazi. Ile ya mguuni huchoka mapema zaidi.

Msidhani hii ni kazi ya majaribio. Daktari John Gibbon wa Philadelphia alifanikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1953 kumpasua mtu moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu. Mwaka 1964 Daktari Vasilii Kolesov wa Leningrad aliunganisha mshipa wa kifuani na mshipa wa moyo. Kisha mwaka 1967 Daktari René Favaloro, akiwa Cleveland nchini Marekani, akaanza kuieneza njia ya kutumia mshipa wa mguuni. Huyu Favaloro alikuwa mtu wa Argentina, na kabla ya hapo alikaa miaka 12 akiwatibu wakulima katika kijiji kimoja kinachoitwa Jacinto Aráuz. Napenda kuamini kuwa aliyajua matatizo ya watu wa mashamba. Sisi huku tulikuwa tukisikia tu kuwa fulani kapelekwa India. Tangu ilipoanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mwaka 2015, pale Muhimbili, wagonjwa wengi wamepata matibabu ya moyo kwa kuvuka bahari hii yetu tu.

Kabla ya siku yenyewe yako ya kutayarisha. Anayevuta sigara aache, na aache mapema, wiki kadhaa kabla, si usiku wa kuamkia upasuaji, kwani mapafu yaliyojaa moshi ndiyo yanayoleta kichomi baada ya nusukaputi. Mwenye kisukari akidhibiti, maana sukari ikiwa juu kidonda hakifungi. Dawa zote unazokunywa, za hospitali na za mitishamba, zitaje, hata zile unazoona haya kuzitaja. Ziko dawa za kuzuia damu isigande ambazo daktari huzisimamisha siku kadhaa kabla, lakini mgonjwa asizisimamishe kwa rai yake. Jamaa huombwa kutoa damu, na hapa naona fahari kusema kuwa vijana watano wa tawi lake walivuka kwa boti kwa ajili hiyo.

Upasuaji huchukua saa tatu mpaka sita. Mgonjwa hajui kitu. Mfupa wa kidari hukatwa kwa urefu katikati, kifua kikafunguliwa kama mlango wa mbao mbili. Kazi ikiisha, mfupa hurudishwa na kufungwa kwa waya za chuma kisichopata kutu, na waya hizo hubaki humo maisha. Hatari ipo, na si vizuri kuificha: kwa mtu aliyejiandaa na asiye na maradhi mengine makubwa, hufariki mmoja mpaka watatu katika kila watu mia, na kiasi cha mmoja au wawili hupata kiharusi. Mzee wetu alipoambiwa hesabu hiyo alisema kuwa wanaoanguka mikarafuuni nao wana hesabu yao, ila hakuna aliyekaa kuwahesabu.

Jamaa wanaokwenda kumtazama siku ya kwanza wajiandae, kwa sababu watakayoyaona yanatisha. Atakuwa na mrija kooni unaompumulia, hawezi kusema, na mirija mingine inatoka kifuani ikitoa damu na maji. Hiyo ni kawaida, wala si dalili kuwa mambo yameharibika. Mrija wa kooni hutolewa aghalabu baada ya saa chache. Siku moja au mbili huwa chumba cha uangalizi mkali, kisha wodini, na kwa jumla kama wiki moja hospitali ikiwa hapana lililozuka. Wauguzi watamkalisha kitini mapema, watamtembeza, na watamtaka avute pumzi ndefu na kukohoa. Kukohoa kunauma. Humpa mto, akaukumbatia kifuani kwa nguvu, ndipo akakohoa. Asikatae, maana makohozi yanayobaki ndani ndiyo kichomi cha kesho. Baadhi ya wagonjwa, kiasi cha mmoja katika kila wanne, moyo hupiga ovyo ovyo siku ya pili au ya tatu. Hutibiwa, na wengi hutulia.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mzee alirudi nyumbani wiki ya tatu, uso umenawiri. Katika karatasi yake iliandikwa kwamba kwa wiki 12 asinyanyue kitu kinachozidi kilo 5, asivute, asisukume, asiinue mikono juu ya kichwa kwa nguvu. Kilo 5 ni kitu kidogo sana. Ndoo kubwa ya maji ni kilo 20. Mjukuu wa miaka miwili ni kilo 12 hivi. Lakini ngozi ya kifua ilikwisha kufunga, kovu limekauka, na yeye anatembea mpaka msikitini. Hapo ndipo watu wote hudanganyika, mgonjwa na jirani zake. Ngozi hupona kwa wiki mbili tatu, na mfupa chini yake bado umeshikwa na waya tu. Huanza kushikana baada ya wiki sita au nane, na hauwi imara mpaka miezi mitatu. Hakuna dawa ya kuuharakisha.

Wiki ya saba karafuu zake zilikuwa tayari. Hapana haja ya kuwaeleza ninyi maana yake. Kikonyo kikiachwa siku chache ua linafunguka, na likishafunguka hiyo si karafuu tena ya kuuza. Wachumaji aliowaahidi walikuwa wamekwenda dago jingine walikopewa pesa ya mbele. Mimi nikaandika barua fupi, nikampa kijana wake ampelekee, kumjulisha kuwa shamba lake li hatarini na atoe shauri. Nilidhani nafanya kazi ya ukatibu. Sikufikiri kuwa mtu aliyetunza mikarafuu ile miaka 30, akiisoma barua kama hiyo amelala kitandani, hawezi kuendelea kulala.

Asubuhi yake alikuwa shambani. Tulimkuta pale watu kadhaa, na nasema kweli kuwa tulimsifu. Tulisema, "Mzee huyu simba." Kijana mmoja alikuwa juu ya mti akiteremsha pakacha la karafuu mbichi kwa kamba, mzee akainua mikono yote miwili kulipokea. Alisikia kitu kikilia kifuani, kama kijiti kilichovunjika. Hakusema neno. Siku ya tatu alipata homa, na sehemu ya chini ya kovu ikaanza kutoa maji, kisha usaha. Akavushwa tena. Mfupa ulikuwa umeachana na vijidudu vimeingia. Alifunguliwa, akasafishwa, akafungwa waya upya, akakaa hospitali zaidi ya mwezi akitiwa dawa mishipani. Karafuu zenyewe, nusu ziliiva zikaanguka. Aliyotaka kuyaokoa hayakuokoka, na miguu yake ilikaribia kaburi kwa pakacha moja.

Kwa hiyo yale ya nyumbani nitayaeleza kwa urefu kidogo, na jamaa wa mgonjwa wayasome kuliko mgonjwa mwenyewe.

Kuamka kitandani ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu, ainuke kwa nguvu ya mapaja, wala asijivute kwa mikono wala asivutwe na mtu kwa kushikwa mkono. Kutembea ndiyo kazi yake: dakika tano mara chache kwa siku, akiongeza kidogo kidogo, mpaka baada ya wiki nne au sita aweze nusu saa. Akihema hata hawezi kuzungumza, amezidisha. Mguu uliotolewa mshipa huvimba jioni, auinue akikaa. Kuendesha gari kungoje wiki sita au zaidi, kwa idhini ya daktari. Bodaboda na baskeli kungoje mfupa ushikane kabisa, maana mnazijua barabara zetu. Mambo ya mke na mume hurejea polepole, kwa kawaida baada ya wiki sita hivi, akiwa anaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala kubanwa. Jambo hilo watu huliona aibu kuliuliza, nami nimeliandika ili wasilazimike.

Katika Sala, kusujudu na kuinuka kwa kujisukuma kwa mikono ni uzito wote wa kifua juu ya ule mfupa. Asali amekaa kitini, ruhusa ipo wazi na hapana mwenye elimu anayeipinga. Ramadhani nayo, mgonjwa amepewa nafasi ya kula na kulipa baadaye. Asifunge mpaka daktari ampangie dawa zake na kumpa idhini. Wako wanaofunga kwa siri ili watu wasiwaone dhaifu, wakaacha vidonge vya mchana. Hao hawajitendei haki.

Jamaa wasishangae wakimwona mtu mzima analia, au hataki kuzungumza, au hapati usingizi, au anasahau. Huwapata wengi, na kwa kawaida hupungua kwa wiki kadhaa. Mzee wetu aliniambia kuwa hilo lilimtesa kuliko jeraha, kwa sababu alidhani ni upungufu wa imani. Likiendelea, aambiwe daktari, liko na tiba. Wageni nao wapunguzwe. Najua desturi yetu, lakini watu 30 kwa siku, kila mmoja na mafua yake, si kumjulia hali.

Tena upasuaji haukuondoa ugonjwa. Umepita kando yake tu, na mishipa mipya inaweza kuziba kama ya zamani. Ndiyo maana hupewa vidonge vya kila siku, aspirini ya kuzuia damu isigande, statini ya kupunguza mafuta, na vingine vya shinikizo na mapigo. Aghalabu ni vya maisha. Mtu asiviache kwa kuwa anajisikia mzima, anajisikia mzima kwa sababu anavinywa. Sigara imekwisha, haina mjadala. Chakula kibadilike: tui zito lipungue, vya kukaanga vipungue, na ng'onda na papa wa chumvi, ambao nami nawapenda, waondoke mezani kwake, kwani chumvi ile inapandisha shinikizo na kujaza maji mwilini. Samaki mbichi, mboga, kunde na matunda tunayo tele.

Yako mawili yanayotuhusu sisi khasa. Mafuta ya karafuu tunayouza yana kitu kiitwacho yujinoli, na imeonekana katika maabara kuwa kinazuia damu isigande. Karafuu mbili tatu katika pilau au chai hazina neno. Lakini kunywa mafuta yenyewe kama dawa ya kifua, juu ya aspirini au warfarini, ni kutafuta kuvuja damu, na ini nalo laweza kudhurika. Na hijama, kupiga chuku, mtu anayekunywa dawa hizo asifanyiwe bila kumwuliza daktari wake.

Homa, kovu linalotoa maji au kuwa jekundu na moto, mfupa unaolia au kucheza ukikohoa, pumzi fupi inayozidi ukilala chali, uzito kuongezeka kilo 2 kwa siku mbili, muundi mmoja kuvimba na kuuma, au maumivu ya zamani ya kifua kurudi: lolote kati ya hayo lisilazwe nyumbani. Mdomo au mkono ukipinda ghafla, au ulimi ukiwa mzito, ni hospitali mara moja.

Mzee wetu leo, miezi 11 baada ya kufungwa mara ya pili, hutembea shambani kila asubuhi. Hukaa kitini chini ya mkarafuu wake mkubwa na daftari la pishi mkononi, akiwakaripia wachumaji wanaovunja matawi. Sauti yake imerudi yote.

Kamati imekubali, kwa pendekezo langu, kuwa mwanachama aliyepasuliwa, kwa maradhi yoyote, shamba lake lichumwe na tawi lake kwa ujima msimu ule, na habari za shamba asipelekewe yeye bali apelekewe mwenyekiti wa tawi. Daftari la kuandika majina ya watakaojitolea liko ofisini, mkono wa kulia ukiingia. Mpaka leo wamejiandika 14, na jina la kwanza ni la yule kijana aliyekuwa juu ya mti.